Kura ya Mshiriki: Namna ya Kuandaa na Kuendesha Mkutano wa Washiriki Kanisani

Ibada ya Sabato inakaribia kwisha. Mzee wa kanisa anasimama mbele na kusema, "Baraza limeona tubomoe jiko la zamani tujenge jipya. Wapendwa, tuseme amina." Kanisa linaitika amina, na Jumatatu fundi yuko kiwanjani. Miezi miwili baadaye michango imekwama, kuta zimeishia kwenye madirisha, na watu wanaulizana pembeni: hivi jambo hili lilipitishwa na nani?

Amina si kura. Ni itikio la sala na la neno lililogusa moyo, na mtu mwenye adabu hawezi kunyamaza kanisa zima linapoitika. Hakuna amina ya kukataa. Ukiwaomba watu waseme amina umewanyima nafasi ya kusema hapana, na waliyoshindwa kuyasema kanisani watayasema njiani, sokoni na kwenye simu.

Ninaandika haya kwa ajili ya washiriki na viongozi wa Kanisa la Waadventista wa Sabato, kwa sababu ndiyo nyumba ninayoijua. Nimeshika daftari la karani wa kanisa kwa miaka mingi. Wa dhehebu jingine ataokota kinachomfaa. Taratibu ninazozitaja zimo katika Kanuni ya Kanisa, kitabu kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1932, na ambacho tangu mwaka 1946 hakibadilishwi ila na wajumbe wa Konferensi Kuu, yaani uongozi wa kanisa la ulimwengu mzima, wanaokutana kwa kawaida kila baada ya miaka 5. Kwa hiyo si mchungaji wa mtaa, si baraza, wala si mchangiaji mkubwa wa ujenzi mwenye ruhusa ya kuzipindisha kwa kusema "sisi hapa tumezoea hivi".

Na nieleweke tangu mwanzo: kura haianzi pale mkono unapoinuliwa. Inaanzia kwenye daftari la washiriki na kwenye tangazo. Ikiharibika huko, hata mikono 100 haitaiponya.

Hatua ya 1: Jua jambo ni la nani

Mkutano wa washiriki, ambao wengine huuita mkutano wa shughuli za kanisa au mashauri, ndio chombo cha juu cha maamuzi katika kanisa mahalia. Unapaswa kukaa angalau mara moja kwa mwaka, na ni afya ukikaa kila robo. Baraza la kanisa liko chini yake. Wajumbe wa baraza wamechaguliwa na washiriki, wanashughulika na kazi za kila mwezi kwa niaba ya washiriki, na mkutano unaweza kuwauliza na hata kutengua walichoamua.

Yapo mambo ambayo baraza linaweza kuyapendekeza tu, haliwezi kuyamaliza. Kumpokea mshiriki au kumtoa. Kutoa barua ya uhamisho. Kumweka mtu chini ya karipio, yaani adhabu ya muda maalumu. Kupitisha bajeti ya mwaka. Kuchagua maofisa wa kanisa. Baraza likiyamaliza haya chumbani na kuyaleta kanisani kama taarifa, limechukua kisicho chake, hata kama wajumbe wake wote ni watu wa maombi.

Yapo pia yasiyopigiwa kura kabisa na kanisa mahalia. Mchungaji hupangwa na konferensi, yaani uongozi wa makanisa ya eneo. Zaka hupelekwa konferensi, na hakuna mkutano wa washiriki unaoweza kuamua kuipaulia kanisa. Mafundisho ya msingi ni ya kanisa la ulimwengu mzima. Mwenyekiti akilijua hili mapema ataokoa masaa, maana ugomvi mwingi ninaoujua ulizaliwa kwa watu kujadili jambo ambalo hawakuwa na mamlaka nalo, wakapiga kura, kisha wakaambiwa kura yao haina kazi.

Hatua ya 2: Safisha daftari

Anayepiga kura ni mshiriki aliyepokelewa kwa ubatizo au kwa kukiri imani, ambaye jina lake limo katika daftari la kanisa hilo, na ambaye hayuko chini ya karipio. Basi. Utajiri hautazamwi, wala miaka aliyokaa kanisani, wala kabila, wala kama ni mume au mke. Binti aliyebatizwa kwenye makambi ya mwaka jana ana kura moja, na mzee aliyebatizwa kabla ya Uhuru ana kura moja.

Lakini daftari letu mara nyingi linasema uongo. Lina watu waliohamia Dar es Salaam, waliolala mauti, walioolewa wakahama, na limekosa watu wanaoimba kwaya kila Sabato. Karani, miezi mitatu kabla ya mkutano mkubwa, pita jina kwa jina pamoja na wazee na mashemasi. Waulize viongozi wa madarasa ya Shule ya Sabato. Wao ndio wanaojua nani yuko wapi.

Hapa uhamisho ndio unaosumbua zaidi, kwa hiyo nitautolea maelezo marefu kidogo. Mwanafunzi ametoka Musoma amekuja chuo Morogoro. Anaabudu Morogoro miaka mitatu, anaongoza vijana, lakini jina lake liko Musoma. Hana kura Morogoro. Akitaka kuwa nayo, amwendee karani wa kanisa anakoabudu na kuomba uhamisho. Karani huyo ataandika kwa karani wa Musoma. Ombi litapitia baraza, kisha litasomwa mbele ya kanisa mara ya kwanza, kisha litasomwa tena wiki inayofuata na kupigiwa kura. Ile wiki katikati imewekwa ili mwenye neno alilete kwa mchungaji au mzee faraghani, si kusimama na kulipayuka. Kura ikipita, barua inatumwa, nayo ina uhai wa miezi 6. Morogoro nao watalisoma jina mara mbili na kulipigia kura kumpokea. Mpaka watakapompokea na kurudisha taarifa, mwanafunzi yule bado ni wa Musoma. Hakuna siku ambayo mtu anaelea hewani bila kanisa, na hakuna siku ambayo ana makanisa mawili.

Karani hana mamlaka ya kuandika barua hiyo kwa kuombwa tu, hata aombwe na rafiki yake wa chumbani. Wala hawezi kufuta jina kwa kalamu nyekundu kwa sababu mtu hajaonekana. Asiyehudhuria hatolewi kwa kutohudhuria, anatembelewa. Asiyetoa sadaka kwa umaskini wake hatolewi kwa hilo kamwe. Aliyehama bila kuacha anwani hutafutwa kwa bidii kwa angalau miaka 2 kabla kanisa halijapiga kura kumwondoa, na karani ataandika kwamba hakujulikana alipo. Ukiifuata subira hii, utashangaa wangapi watapatikana.

Hatua ya 3: Tangaza kama unataka watu waje

Tangazo la mkutano hutolewa kwenye ibada ya Sabato, wiki moja au mbili kabla, likitaja siku, saa na mahali. Hicho ndicho kiwango cha chini. Mimi naongeza ajenda. Ukisema "kutakuwa na mkutano, wote mnakaribishwa", watakuja wale wale saba wanaokuja siku zote. Andika hivi, usome, kisha ubandike mlangoni:

"Mkutano wa washiriki utafanyika Jumapili tarehe 16, saa 3:00 asubuhi hadi saa 6:00, ndani ya kanisa. Tutaamua mambo matatu: bajeti ya mwaka ujao, kama jiko la kanisa libomolewe au likarabatiwe, na akidi ya mikutano ijayo, yaani idadi ya chini ya watu inayotakiwa ili mkutano uwe halali. Nakala za bajeti zinapatikana kwa mhazini. Watoto watakuwa na mwalimu chini ya mwembe."

Ule mstari wa mwisho si mapambo. Nina kisa kingine cha jiko. Katika kanisa nililokuwa nikihudumu, kura ya kwanza ilipigwa baada ya chakula cha pamoja, wakati kina mama walikuwa nyuma wakiosha vyombo vya wageni. Waliopitisha jiko hawakuwa wanaopika. Tulipolirudia jambo hilo kwa tangazo la wiki mbili, Jumapili asubuhi, na mtu wa kukaa na watoto, ndipo tulipoelezwa kwamba jiko lenyewe lilikuwa na nafasi ya kutosha. Shida ilikuwa moshi usio na pa kutokea na maji yanayobebwa kwa ndoo kutoka ng'ambo ya barabara. Ukuta haukuhitaji kuguswa.

Kwa hiyo unapochagua saa, jiulize ni nani hataweza kuja saa hiyo. Mkutano wa jioni baada ya Sabato kuaga unawafaa wanaokaa karibu, unawakosesha wanaotembea kilomita sita. Msimu wa kulima asubuhi ni ya shamba. Na kundi la WhatsApp ni zuri kwa kukumbusha, lakini usilifanye mkutano: kuna waliomo wasio washiriki, kuna washiriki wasio na simu, na hakuna anayejua ni nani aliyeshika simu ya nani.

Hatua ya 4: Akidi na kura ya asiyekuwepo

Kanuni ya Kanisa haisemi akidi ni watu wangapi. Kila kanisa hujiwekea lenyewe, kwa kura, katika mkutano uliotangulia. Makanisa mengi hayajawahi kuiweka, na hilo hugundulika siku jambo zito linapobishaniwa. Iwekeni mkiwa na amani. Msiweke kubwa mno kwa fahari. Kanisa lenye majina 240 likidai watu 120, mikutano itakufa. Msiweke ndogo mno pia, maana watu 9 wa familia mbili watauza benchi.

Kura ya barua haipo. Kura ya kuwakilishwa haipo. Mume hapigi kwa niaba ya mke aliye mgonjwa, wala kijana hapigi "na ya bibi pia, kaniagiza". Asiyekuwepo anaweza kutuma maneno yake na mwenyekiti akiona vema yakasomwa, lakini hayahesabiwi. Wengi huiona kanuni hii kuwa kali. Mimi naipenda, kwa sababu inamlazimu kila mmoja kusikiliza mjadala kabla ya kuamua, na mara kadhaa nimeona mtu akiingia na mkono wa hapana akatoka na mkono wa ndiyo.

Hatua ya 5: Mwenyekiti, hoja, mjadala

Mchungaji ndiye mwenyekiti wa kawaida. Kwa kuwa mchungaji wa mtaa huwa na makanisa mengi, mara nyingi mzee wa kanisa hushika kiti kwa kushauriana naye. Kama mzee huyo ana maslahi katika jambo, kwa mfano fundi anayependekezwa ni mwanawe, akiachie kiti kwa mwingine kwa ajenda hiyo. Akae na washiriki, aseme kama mshiriki.

Anzeni kwa sala, karani ahakikishe akidi na kuandika idadi, kisha kumbukumbu za mkutano uliopita zisomwe na kuthibitishwa. Halafu kila ajenda ipite njia moja. Mwenyekiti anaeleza jambo. Mshiriki anatoa hoja kwa sentensi inayoandikika. Mwingine anaiunga mkono. Ndipo mjadala. Ndipo kura.

Wengi wetu tunageuza mpangilio huu: tunajadili saa nzima bila hoja, tukichoka mwenyekiti anasema "basi tumekubaliana", na karani anabaki akijiuliza tumekubaliana nini. Mwenyekiti asiruhusu mjadala kuzagaa bila hoja mezani. Na kabla ya kura, karani aisome hoja kama ilivyoandikwa, neno kwa neno. Mahali ambapo wazee wanakielewa Kijaluo, Kipare au Kisukuma kuliko Kiswahili, itafsiriwe hapo hapo kwa sauti, na mfasiri asiongeze lake.

Sasa neno kuhusu heshima, maana hapa kanuni pekee haitoshi. Sisi tumelelewa kwamba mzee akishasema, kijana hana la kuongeza. Mila hii ni njema mezani na msibani. Kwenye mkutano inaua kura, kwa sababu wazee watatu wakisema mwanzoni, waliobaki watafuata au watanyamaza. Dawa niliyoona inafanya kazi ni rahisi: mwenyekiti awaombe wazee, kwa heshima na mbele ya wote, wawe wa mwisho kusema. "Baba zetu na mama zetu, tutawaomba mtufungie mjadala." Hakuna mzee aliyewahi kulikataa ombi hilo nikiwapo, na vijana husema. Kisha mwenyekiti atazame safu za nyuma na upande wa kina mama, aite kwa jina: "Mama Neema, wewe jiko unalitumia, unasemaje?" Wengine hawatainua mkono kamwe mpaka waitwe.

Kila mmoja aseme mara moja kabla yeyote hajasema mara ya pili. Atakayetaja tabia ya mwenzake badala ya hoja akatishwe hapo hapo, bila kumwaibisha.

Hatua ya 6: Kuhesabu

Mwenyekiti aulize mambo matatu na asubiri kila mara: wanaokubali, wanaokataa, wasiopiga kura. Kosa la kawaida ni kuuliza la kwanza, kuona mikono mingi, na kupita. Ulizeni la pili hata kama mnadhani hakuna. Wahesabuji wawe wawili, wasiokaa upande mmoja, na kila mmoja ahesabu ukumbi wote.

Jambo la kawaida hupita kwa kura nyingi za waliohudhuria na kupiga kura. Wasiopiga hawahesabiwi upande wowote. Kwenye ile kura ya pili ya jiko tulikuwa 61: waliokubali 28, waliokataa 21, wasiopiga 12. Waliopiga ni 49, na wingi wa 49 unaanzia 25, kwa hiyo hoja ilipita, ingawa 28 si nusu ya 61. Elezeni hesabu hii kabla ya kupiga, si baada, ili asiwepo wa kusema sheria imetungwa kwa ajili ya matokeo.

Pale jambo linapomhusu mtu, au mnapohisi hofu ukumbini, pigeni kura ya siri. Mshiriki yeyote anaweza kuiomba. Kwa kanisa lenye wasiosoma, mpe kila mtu karatasi mbili, nyeupe ya ndiyo na ya buluu ya siyo. Pitisha mifuko miwili ya sadaka: mmoja wa kura, mwingine wa karatasi iliyobaki. Mtu anaficha karatasi kiganjani, anaweka moja huku na nyingine kule, hakuna anayeona. Zikihesabiwa, mifuko yote miwili lazima ijumlike sawasawa na idadi ya watu mara mbili.

Uchaguzi wa maofisa una njia yake

Hapa hakuna kampeni, na hakuna wagombea wawili kusimamishwa mbele. Kwanza kanisa huunda kamati kubwa. Inaweza kuundwa kwa majina kutajwa na washiriki, na hapo kila mshiriki hutaja jina moja tu. Au kwa kulipa baraza kazi hiyo likiongezewa watu waliochaguliwa na kanisa. Kamati kubwa hupendekeza majina ya kamati ya uchaguzi, na kanisa huyapigia kura. Kamati ya uchaguzi hukaa, huomba, huuliza kila anayependekezwa kama yuko tayari, kisha huleta ripoti kwa kanisa moja kwa moja. Ripoti haipiti barazani kuchujwa.

Ripoti husomwa mara mbili, na kura hupigwa kwenye usomaji wa pili. Kati ya hapo ndipo mahali pa mshiriki mwenye pingamizi. Usisimame kanisani kutaja makosa ya mtu. Mwone mchungaji au mwenyekiti wa kamati, omba nafasi, nenda kwenye kamati mwenyewe, sema unalolijua, ondoka. Ukichelewa, siku ya usomaji bado unaweza kuomba ripoti yote irudishwe kwenye kamati, bila mjadala. Na pingamizi liwe la kweli. Hasira za mahari na mipaka ya mashamba hazina nafasi hapo.

Waliokaa kwenye kamati wakishatoka wafunge midomo. Nimeona dada mmoja akiacha kuja kanisani kwa sababu tu aliambiwa nani alimkataa kwenye kamati na kwa maneno gani. Aliyeyabeba maneno hayo alidhani anamsaidia.

Kura ngumu kuliko zote

Inafika siku kanisa linapaswa kumshughulikia mshiriki aliyeanguka. Kabla ya kura, Mathayo 18 iwe imetembewa kwa miguu: mtu kwa mtu, kisha wawili au watatu. Baraza likipendekeza hatua, haliwezi kuimaliza. Ni mkutano wa washiriki tu, ulioitishwa kihalali, unaoweza kumweka chini ya karipio au kumwondoa kwenye ushirika.

Mhusika apewe taarifa ya maandishi angalau wiki 2 kabla, ikitaja sababu za mkutano. Ana haki ya kuja, kusikilizwa, kujitetea, kuleta ushahidi na mashahidi. Asije na wakili. Kanisa lisipige kura ikiwa haki hizi hazikutimizwa, hata kama kosa linajulikana mtaa mzima, hata kama mwenyewe amekiri kwa mchungaji. Tuliwahi kumwondoa kijana kwa mkutano wa dakika ishirini, bila barua, yeye akiwa mgodini. Aliporudi na kuuliza aliarifiwa lini, karani hakuwa na karatasi ya kumwonyesha. Ilibidi tuanze upya, na safari hii alisimama mbele yetu akasema mambo ambayo hatukuyajua. Kura ilibadilika ikawa karipio la miezi 6.

Karipio huwekwa kwa muda unaotajwa, usiopungua mwezi 1 wala kuzidi miezi 12. Katika muda huo mtu hupoteza ofisi aliyokuwa nayo, hana sauti wala kura katika mambo ya kanisa, hashiriki kuongoza ibada, wala hawezi kuhamishwa. Lakini hafukuzwi. Ana haki ya kuketi kwenye Shule ya Sabato, kwenye ibada, na kwenye Meza ya Bwana. Anayemzuia kutawadha miguu na wenzake kabla ya Meza hiyo amemwongezea adhabu ambayo kanisa halikuipitisha.

Mkutano wa namna hii uwe wa washiriki peke yao. Wageni na watoto waombwe kwa upole wasubiri nje. Mwenyekiti aweke hoja fupi isiyosimulia kosa, na kura iwe ya siri.

Mwisho, kumbukumbu na miguu

Karani aandike hoja kama ilivyosomwa, mtoa hoja, aliyeunga mkono, hesabu tatu, na neno "imepita" au "haikupita". Si hotuba za watu. Kwa mfano: "Imeamuliwa kwamba jiko la kanisa lisibomolewe, bali paa lipandishwe na bomba livutwe hadi mlangoni, kwa gharama isiyozidi kiasi kilichosomwa na mhazini. Waliokubali 28, waliokataa 21, wasiopiga kura 12. Imepita." Isome papo hapo kabla watu hawajatawanyika, isahihishwe mbele yao, mwenyekiti na karani watie sahihi. Daftari ni mali ya kanisa. Karani anapomaliza zamu, halibaki kabatini kwake.

Waliokosa mkutano waelezwe Sabato inayofuata kilichoamuliwa, isipokuwa mambo ya nidhamu. Na kama mtu ameondolewa kwenye ushirika, ana haki ya kuandikiwa barua inayoeleza uamuzi na njia ya kurudi, na barua hiyo ipelekwe kwa mkono na mchungaji au mzee, si kwa posta.

Nimewahi kutumwa na mbili, mchungaji akiwa mbali. Ya kwanza niliipitisha chini ya mlango kwa kuona haya, na yule ndugu hakuitikia salamu yangu kwa mwaka mzima. Ya pili nilikwenda na mzee wa kanisa, tukakaribishwa chai, nikaisoma mwenyewe hadi mwisho. Tulipokuwa tunavaa viatu mlangoni, mwenye nyumba aliuliza ibada ya Jumatano siku hizi inaanza saa ngapi.